Mkazi Mwenye Wasiwasi

7 Machi

Mume wangu,

Dereva wa lori lenu la chakula amenipa dakika kumi tu, anamalizia kupakia magunia, kwa hiyo usinitafutie makosa ya mwandiko. Mama hajambo, goti linamsumbua asubuhi peke yake. Bomba la jikoni linavuja vile vile ulivyoliacha ukisema utalitengeneza kesho. Nimeweka ndoo.

Sasa kaa chini. Nimepata kazi. Halmashauri ya jiji inataka watu waachane na petroli, wahamie kwenye pikipiki na baiskeli za umeme, na wanatafuta watu wa kuwafundisha wakazi. Kila Jumamosi tunakuwa pale kwenye uwanja nyuma ya stendi, mtu anakuja, anajaribu bure, anauliza maswali mpaka achoke. Tulikwenda watu arobaini kwenye usaili. Wakasema nani anajua kuendesha, nikapanda, nikazunguka mapipa yao yote bila kugusa hata moja. Wakaniuliza nimejifunzia wapi. Nikasema mume wangu ni fundi, ndiye aliyenifundisha.

Nimepewa na pikipiki moja ya kutembelea. Haina plagi, haina kabureta, haina oili. Usiku naichomeka ukutani kama simu. Najua unacheka, lakini ungeikalia mara moja ungenyamaza.

Dereva anapiga honi.

Mkeo

---

10 Machi

Mke wangu,

Hongera. Nimewasomea wenzangu barua yako wakati wa chai, wakasema sasa mimi nimeoa bosi. Hapa machimboni hakuna jipya. Mawe asubuhi, mawe jioni, na mimi katikati na jenereta mbili zinazopokezana kuharibika. Simu huku imebaki kuwa tochi. Mtandao upo juu ya mlima, na mwenye nguvu za kuupanda hana wa kumpigia. Ovaroli yangu ilikatika vifungo, mpishi wa kambi akanionea huruma akanishonea. Ni mama mwema, anajua hata siku ambayo sijala vizuri.

Kuhusu hiyo pikipiki yako isiyo na plagi. Chombo kisicho na plagi kikizimika njiani utakifanya nini, utakibembeleza? Mimi nimeishi miaka kumi na tisa kwa vitu vinavyoharibika na sioni aibu. Ile yako ya zamani ilikuwa ikikohoa tu unanipigia, nami nakuja na spana zangu, hata kama nilikuwa kwa mteja. Sasa utampigia nani?

Na niambie jambo moja, nauliza tu. Huyo mtu anayejaribu, yeye anakaa mbele. Wewe unakaa wapi?

Mumeo, Spana

---

17 Machi

Mwanangu,

Mimi si mtu wa kuingilia nyumba ya mtu, na wewe unanijua. Lakini mzazi akinyamaza atakuja kuulizwa.

Mkeo anatoka na kuingia kimya kimya. Ile pikipiki ya zamani nilikuwa naisikia tangu kona ya duka la mbao, najua anakuja, naweka chai motoni. Siku hizi nainua macho namkuta amesimama sebuleni na kofia yake ngumu mkononi, eti, shikamoo mama. Juzi nusura niangushe sinia. Saa ngapi ametoka sijui, saa ngapi amerudi sijui. Nyumba ya mtu aliyesafiri haitakiwi kuwa na kimya cha namna hiyo.

Na anaimba. Anafua anaimba. Sijawahi kumsikia akiimba ulipokuwepo, labda ni kelele za kompresa yako ya karakana zilikuwa zinamfunika.

Yupo kijana mmoja wa kazini kwao, anavaa shati jeupe muda wote, wanamwita mtaalamu wa betri. Alikuja hapa kuangalia soketi ya ukutani kama inahimili. Akaiangalia, akanywa maji, akaenda. Mimi nilikuwepo, nilikaa pale pale kwenye kochi hadi akaondoka.

Nimekuwekea na karatasi ya tangazo lao wanayogawa mjini. Itazame mwenyewe. Mimi sisemi kitu.

Mama yako

---

21 Machi

Mke wangu,

Karatasi yenu imenifikia. Usiulize imetoka kwa nani.

Nimeitazama asubuhi, nimeitazama mchana, sasa ni saa kumi na moja jioni na bado ipo mbele yangu imeshikiliwa na bolti nne zisipeperuke. Mwanamume wa shati jeupe amekaa mbele. Nyuma yake umekaa wewe. Mikono yako imempita kiunoni, imefika hadi kwenye usukani, na viganja vyako viko juu ya viganja vyake. Unacheka. Na juu ya vichwa vyenu wameandika kwa herufi kubwa: JARIBU MARA MOJA TU, HUTATAKA KURUDI ULIKOTOKA.

Nani alitunga maneno hayo? Nataka kumjua.

Nina wivu. Nasema wazi kwa sababu wenzangu wameshaona, leo nimefunga pampu kinyumenyume mara mbili. Mimi ndiye niliyekufundisha kuendesha, kwenye barabara ile ya nyuma ya godauni, nami nilikaa nyuma yako hivyo hivyo, mikono yangu juu ya yako. Sasa namwona mtu mwingine amekaa darasani kwangu. Na huyo kijana aliingia nyumbani kwangu, eti soketi. Soketi ile niliifunga mimi kwa mkono wangu. Ina kasoro gani?

Sipendi hiyo kazi. Natamani ningekuwa na sababu nzuri zaidi ya kutoipenda.

Spana

---

31 Machi

Mume wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nusu nilitaka kucheka na nusu nilitaka kuitupa kwenye ile ndoo ya bomba.

Huyo wa kwenye picha alikuwa anaogopa. Anajua betri nje ndani, lakini siku hiyo kuendesha alikuwa hajui bado, na mpiga picha alitaka mtu wa kufundishwa. Alikuwa amekaza vidole hadi vimepauka. Nilicheka kwa sababu alikuwa anasali. Mtu anayejaribu kwa mara ya kwanza anavuta ekseleta akitegemea kelele, hasikii kitu, anavuta zaidi, chombo kinaruka naye. Ndiyo maana tunakaa nyuma na kushika. Wiki iliyopita nimekaa nyuma ya mwalimu wa hesabu, muuza samaki, akina mama wajawazito wawili kwenye baiskeli, na babu mmoja aliyeniuliza kama mvua ikinyesha atapigwa na shoti. Nikamwambia hapigwi. Akasema basi panda tena, turudie, na turudie. Huyo ndiye ungemwonea wivu.

Mtaalamu wa betri aliniuliza kama nimeolewa. Nikasema ndiyo. Akasema sawa. Ananiletea chai, anawaletea na wengine. Sina la kukuficha hapo na sitatafuta.

Lakini na mimi niulize. Huyo mpishi anayejua siku ambayo hujala vizuri, anajuaje? Anakuangalia sahani au anakuangalia usoni? Vifungo vya ovaroli viko kifuani, Spana. Alivishona ukiwa umeivaa? Mimi swali hilo nimelala nalo zaidi ya wiki mbili na sikuandika, kwa sababu nilijiambia mume wangu ni mtu mzima.

Sasa nisikilize vizuri, hili ndilo la maana. Katikati ya Aprili wanamchagua mkufunzi mkuu wa jiji zima. Kazi ya kudumu, si ya mkataba wa miezi. Tumebaki wawili, mimi na huyo huyo wa betri. Bosi amesema mimi niko mbele, mradi faili langu lisiwe na lalamiko hata moja la mkazi. Nikiipata, hutakuwa na haja ya kula vumbi huko. Unarudi, unafungua tena karakana yako, unajifunza na haya mambo ya umeme taratibu. Nimeshafikiria hadi rangi ya mlango.

Na tangu wiki iliyopita wameniongezea na meza. Karani wa barua amejifungua, kwa hiyo barua zote za wakazi nazifungua mimi na kuzijibu mimi. Watu wa mji huu wanaandika, usiniambie.

Tafadhali vumilia wiki mbili.

Mkeo

---

4 Aprili

Kwa Ofisi ya Usafiri wa Umeme,
Halmashauri ya Jiji.

YAH: MWENENDO WA MTUMISHI WENU WA KIKE

Mimi ni mkazi wa kawaida wa jiji hili, mlipa kodi, nisiye na uhusiano wowote na mtu yeyote atakayetajwa humu.

Ndugu, mpango wenu wa vyombo vya umeme ni mzuri na mimi siupingi. Hewa itakuwa safi na makelele yatapungua. Lakini kuna mtumishi wenu, dada mrefu kiasi, mwenye kovu la kuungua na ekzosi mguu wa kulia, juu kidogo ya kifundo. Jumamosi iliyopita nilimwona kwa macho yangu uwanjani akiwakumbatia wanaume kwa kisingizio cha mafunzo. Wanaume hao walionekana kufurahi kupita kiasi. Kuna mmoja hasa, wa shati jeupe.

Mwanamke huyo ana mume. Nimesikia hivyo kwa watu. Je, ofisi imejiuliza mume huyo analalaje?

Napendekeza ahamishiwe kazi ya ndani, isiyo na abiria.

Jambo la pili, breki ya nyuma ya pikipiki iliyo kwenye karatasi yenu imelegezwa mno. Waya unaonekana umening'inia. Mtu atakuja kuumia.

Jibu liachwe kwenye duka la tairi lililo mkabala na stendi, kwa dereva wa lori la machimbo, naye atanifikishia.

Wenu,
Mkazi Mwenye Wasiwasi

---

9 Aprili

Kwa Mkazi Mwenye Wasiwasi,

Barua yako imepokelewa tarehe 5 Aprili, imefunguliwa na kusomwa hadi mwisho.

Kuhusu kovu la mtumishi wetu. Watumishi wa uwanjani huvaa buti ndefu tangu kuripoti hadi kuondoka, na mtumishi huyo hajawahi kuvua zake mbele ya mkazi yeyote. Ofisi inakupongeza kwa macho yako.

Kuhusu Jumamosi uliyomwona. Siku hiyo mvua ilinyesha kutwa na uwanja ulifungwa.

Kuhusu breki. Mafundi wetu wamekagua na wamekuta umesema kweli. Waya umekazwa kwenye pikipiki zote sita. Kwa hilo tunakushukuru bila mzaha wowote.

Kuhusu mume wa mtumishi huyo, analalaje, ofisi haina taarifa. Ilidhani analala vizuri.

Sasa utaratibu. Kila barua ya malalamiko inagongwa muhuri na kupelekwa kwa Bosi siku ile ile. Karani aliyeifungua yako aliishika kwa nusu saa. Aliutambua mwandiko kabla ya kumaliza mstari wa kwanza. Angeweza kuichana na hakuna ambaye angejua. Hakuichana, kwa sababu siku aliyopewa meza hiyo aliahidi kutoficha barua ya mkazi, hata inayomsema yeye, na alikuwa ameshawajibu wengi kwa jeuri ya ahadi hiyo. Ameigonga muhuri. Ameipeleka. Mtumishi amesimamishwa kwenda uwanjani.

Lalamiko linafutwa kwa njia moja tu: mlalamikaji ajitambulishe yeye ni nani, kwa maandishi au kwa kufika mwenyewe, na aseme amelifuta. Mwisho ni Jumatatu tarehe 15 Aprili, saa nne asubuhi. Jioni yake mkufunzi mkuu atachaguliwa.

Lori la machimbo linakuja kwenu Alhamisi ya tarehe 11 na kurudi mjini siku hiyo hiyo.

Karani wa Barua za Wakazi

---

14 Aprili

Mwanangu,

Mkeo yuko nyumbani tangu Jumatano. Hatoki. Nimemuuliza, anasema yuko likizo, na mimi si mtoto. Amelitengeneza lile bomba la jikoni. Alikaa chini ya sinki saa mbili nzima, akatoka amelowa, akaenda kulala saa kumi mchana.

Haimbi. Nilikuandikia kuhusu kuimba kwake kama vile ni kosa, sasa nyumba imenyamaza na mimi nimekuwa nikipiga masufuria makusudi ili nisikie kitu.

Jana alikuja yule kijana wa shati jeupe kuchukua pikipiki ya ofisi. Alikuwa na haya kuliko bibi harusi. Mkeo alimkabidhi ufunguo na chaja, akamwonyesha breki, akasema imekazwa, usiilegeze. Nilikuwa dirishani, nikawatazama nikitafuta lile nililokuwa nimelitafuta wiki zote hizi. Sikuliona, mwanangu. Nimeona watu wawili wa kazi moja, mmoja ameumia.

Nina wivu mimi pia, nikuambie ukweli wa uzee wangu. Ujana wangu niliutumia kusubiri nyumbani, na yeye alikuwa na mahali pa kwenda. Nilikuandikia maneno yale kwa sababu hiyo. Kama umefanya jambo, litengue.

Mama yako

---

18 Aprili

Kwa Bosi wa Ofisi ya Usafiri wa Umeme,

Mimi ni fundi wa jenereta katika machimbo ya mawe. Ndiye niliyejiita Mkazi Mwenye Wasiwasi. Mtumishi niliyemlalamikia ni mke wangu.

Sikumwona uwanjani. Sijafika mjini tangu Januari. Nilichoona ni karatasi yenu, na wivu ukanipanda. Kovu nalijua kwa sababu aliungua kwenye pikipiki niliyoitengeneza mimi, nikasahau kumwambia ekzosi bado ya moto. Kila nilichoandika juu yake ni uongo. La breki tu ndilo la kweli.

Mnaweza kuuliza kwa nini sikuandika mapema. Barua yangu ya kwanza nilimkabidhi dereva kupitia dirisha la lori, naye kwa mkono ule ule akanipa barua ya mke wangu, inayonieleza kila kitu. Nilipoifungua lori lilikuwa limeshapita geti. Nililikimbilia hadi kwenye mizani ya kupimia malori. Wiki iliyofuata, tarehe 11, nilipokea jibu la karani. Lori lilisimama hapa kwa muda wa saa mbili likishusha mchele na dizeli. Kalamu nilikuwa nayo mfukoni. Niliona aibu dereva ajue, na wenzangu wajue, na nyinyi mjue. Nikaliacha liondoke. Hakuna mvua wala barabara mbovu ya kusingizia.

Najua leo ni tarehe 18. Naomba lifutwe hata hivyo. Kama mnabandika barua ukutani, bandikeni hii.

Mume wa mtumishi wenu

---

21 Aprili

Mume wangu,

Barua yako ilifika ofisini juzi Ijumaa. Bosi aliisoma mara moja, akaniita, akanipa niisome mwenyewe, akatoka nje ya ofisi yake ili niwe peke yangu. Ni barua nzuri. Kama ingekuja na lori la wiki iliyotangulia, leo ningekuwa nakuandikia mambo mengine.

Nafasi ilitolewa Jumatatu jioni. Amepewa mtaalamu wa betri. Hakuna mwingine aliyebaki. Niliporudi kwenye meza ya barua alikuja akasema hakuitaka namna hii, nikampongeza kwa moyo wangu wote, kwa sababu hajanikosea. Wewe ndiye uliyempa, Spana. Mtu uliyemwogopa kuliko wote duniani umemkabidhi kazi yangu kwa mwandiko wako, ukampa na ushauri wa breki.

Na mimi nilimwonea wivu yule mpishi na bado sikuandika barua kwa mwajiri wako. Nilifikiria. Nilijua hata jinsi ningeianza.

Unasema kwenye barua ya Machi, sasa utampigia nani. Nimelifikiria neno hilo siku zote hizi nikiwa chini ya sinki. Nadhani hapo ndipo palipokuuma, zaidi ya shati jeupe. Ulizoea nikuhitaji kwa sababu chombo kimeharibika. Mimi sikukupenda kwa sababu ya plagi. Ningekuambia hivyo kama ungeniuliza mimi.

Sasa habari yenyewe. Mji wa jirani nao wanaanza mpango kama wetu, hawana mtu hata mmoja anayejua pa kuanzia. Bosi ameniandikia barua ya sifa, akaambatanisha na yako ya tarehe 18 ili pasiwe na doa. Wamenikubali. Ni miezi sita, nalala huko huko, naanza Jumatatu ijayo. Sikukuuliza, na najua ilipasa nikuulize. Nilikuwa na siku moja ya kujibu.

Mama amekubali. Aliniomba nimzungushe uwanja mzima kabla sijaondoka, akakaa nyuma yangu amenibana mbavu, akasema kumbe ndivyo kulivyo huku nje.

Likizo yako ikifika mwisho wa mwezi utaikuta nyumba safi na mimi sipo. Utakaa pale sebuleni na mama mkimsubiri mtu wa kuleta barua, na utaniwaza niko na nani, nimekaa nyuma ya nani, nani kaniletea chai. Utanung'unika, nakujua. Sijakuacha. Nitarudi Oktoba, na safari hii nitakuandikia kila wiki.

Ila wivu ukikupanda, niandikie mimi. Usiiandikie ofisi.

Mkeo